Weusi Si Mmoja

Mimi nilitaka kubwa, basi.
Inchi sabini na tano, ukuta mzima,
nione jasho kwenye shavu la golikipa.
Mize akaja Chake na kitambaa mkobani,
hariri nyeusi, upana wa kiganja,
baki la buibui aliloshona mwezi wa Rajabu.
Sikumuuliza. Miaka thelathini na moja ya ndoa
imenifunza maswali yepi yana majibu.

Dukani kwa Faki Masoud televisheni zimepangwa
kama mabiharusi siku ya kutolewa, zote zimejipaka.
Kasuku mwekundu, embe, kasuku tena,
maporomoko ya maji ya nchi isiyo na jina.
"Rangi hizo!" nikasema. Faki akainua kidevu.
"Kasuku hapaki podari," akasema Mize.
"Hebu zima taa za duka."
"Bi Mize, wateja..."
"Zima. Halafu nionyeshe usiku."

Ile kubwa yangu ikatoa usiku wa majivu,
usiku wa maji yaliyooshea sufuria,
na kwenye kona nne mwanga ukivuja
kama bati lililotobolewa na misumari.
Mize akaegesha kitambaa chake kwenye kioo.
Kikaonekana. Kilitakiwa kipotee.
"Hii haijui giza," akasema, akasogea.

Ya pili. Ya tatu.
Ya nne, hamsini na tano tu, imesukumwa nyuma ya majokofu,
haina hata kibandiko cha bei:
kitambaa kikazama,
tukabaki tunatazama vidole vyake vitano vinaelea.
Nikaipima upana kwa mikono, kimya,
kama mtu aliyepunjwa samaki.

Ikafika Wete imesimama wima garini,
mgeni asiyetaka kukunja kanzu.
Tukaitundika mbali na dirisha la magharibi,
macho kwa macho na mkaaji,
si kule juu inakotundikwa picha ya kiongozi.

Kisha rimoti. Nikapunguza ukali,
maana kila mtu alikuwa na uzi mweupe ukingoni,
kama aliyekatwa kwa mkasi.
Nikazima ule ulaini wa mwendo
unaowatembeza mashujaa kama waliokanyaga mafuta.
Nikavuta rangi upande wa joto, nyuso zikarudi nyumbani.
Weusi nikaushusha mpaka chini kabisa
nikajiona fundi.

Mize akachomeka harusi ya Shumbana.
Uwani, saa nne usiku, taa moja ya jenereta,
wanawake wamesimama mstari wa mwisho.
Kwangu mimi: ukuta.
Nyuso zinaning'inia, chini yake hakuna mtu.
"Umewazika," akasema.
"Si ulitaka giza?"
"Giza nilitaka. Sikutaka shimo. Ongeza moja."

Nikaongeza.
"Moja tena."
Arobaini na sita. Arobaini na saba,
na ukuta ukaanza kuachana:
hili jipya, lina mng'ao wa mbegu ya papai,
hili limepauka, limekula jua la Konde miaka sita,
hili limetiwa rangi upya, limerudi na ubuluu,
na hili, kule kivulini, pindo lake limeshonwa kwa uzi wa kahawia
kwa kuwa mweusi ulikwisha usiku ule, saa saba, maduka yamelala.

"Uzi wangu," akasema Mize.

Ndani ya buibui lile, uso kaufunika,
alikuwa Bikombo, dada yake,
tuliyemzika mwaka juzi kabla ya mfungo
tukiamini kwamba mkanda wa harusi haukumpata.

Mize hakulia. Akagusa kioo kwa ukucha
pale pindo lilipokwenda upande.
"Nilimwambia asubiri ninyooshe.
Ana haraka, huyu."

Akakata plasta, akaandika 47
kwa chaki ya kuchorea vitambaa, ikafutika,
akaandika tena kwa kalamu,
akaibandika mgongoni mwa rimoti.
Wajukuu wameonywa: sauti pandisheni, chaneli badilisheni,
namba hiyo asiiguse mtu.

Siku za mpira nami huiacha hapo hapo.
Golikipa ana jasho la kutosha.