Nusu Chawa

Majirani wakimuuliza mama binti yake anafanya kazi gani,
husema: akili mnemba. Kisha hunyamaza,
maana akiendelea atalazimika kutaja chawa.

Ni kweli. Miaka saba ya chuo,
tasnifu yenye milinganyo iliyosukwa kama nyavu,
na sasa nahesabu chawa wa samaki
katika fiodi ambayo tangu Novemba haijaliona jua.

Sheria hapa inaruhusu nusu chawa kwa kila samoni.
Nusu!
Siku ya kwanza nilicheka peke yangu,
hadi Ansgar, mlishaji wa vizimba, akanikazia macho.
Yeye ameshaona jasho la miaka miwili
likipotea kwa sababu ya hiyo nusu.

Basi nikaifunza mashine kuona.
Picha elfu thelathini, mojamoja:
chawa, si chawa, chawa, kovu, povu, si chawa,
mpaka usiku nikifumba macho
migongo ya fedha ikawa inapita nyuma ya kope,
yenye madoa, yenye haraka.
Maabara ikatupa tisini na saba kwa mia.
Tukala keki.

Oktoba kamera ikashuka mita sita majini.
Wiki ya kwanza: chawa kumi na wanne.
Ya pili: watatu.
Ya tatu sifuri, sifuri, sifuri.
Meneja akapiga simu kunishukuru,
nami, Mungu anisamehe, nikazipokea shukrani.

Ansgar hakupiga simu.
Alimtoa samoni mmoja kwa wavu, akamlaza kwenye beseni,
akamgeuza taratibu kama mtoto anayeogeshwa,
akahesabu kwa kidole chenye glavu:
mmoja, wawili, huyu ana mayai, wanne.
Hakuniangalia. Hilo ndilo lililoniuma.

Macho hayana pazia, husemwa.
Ya kwangu yalikuwa nalo:
utelezi wa kijani, mwembamba kama utando wa maziwa,
umetanda juu ya kioo majuma mawili.
Na mashine haikudanganya.
Iliulizwa, unaona chawa? Ikajibu, sioni.
Hakuna aliyeiuliza: unaona?

Siku hizi swali hilo limo ndani ya programu,
mistari arobaini tu,
hakuna jarida litakaloichapa.
Na kila Jumatatu, baridi ikiuma hadi kwenye fizi,
mimi na Ansgar tunaivuta kamera kwa kamba
naisugua kwa mswaki.
Mswaki wa kawaida, wa bluu,
nilioununua duka la pale kivukoni.

Jana, iliporudi majini,
yule mwenye pezi lililokatika alipita karibu kabisa,
jicho lake likajaa kwenye skrini.
Mashine ikamwandikia: chawa wawili.
Nikamwita Ansgar.
"Watatu," akasema.
"Hilo ni doa."
"Doa lenye miguu?"
Tukabishana mpaka kahawa ikaganda.