Upindo wa Kikwembe

Nabintu, kabla hujapanda pikipiki pale Nyawera,
funga kikwembe juu ya suruali.
Suruali ni ya njia, kikwembe ni cha macho ya watu.
Upindo nimeushona mara mbili:
ndani mna noti tano,
usimwambie hata mumeo.

Huko mlimani salimia kwa mikono miwili,
goti lipinde kidogo, kidogo tu,
wasije wakadhani umeanguka.
Wakikuuliza una watoto wangapi,
sema Mungu anajua, kisha omba maji.
Njia ya kurudi, muulize mwanamke mwenye mzigo.

Mama mkwe alinipa maneno haya haya
nami nikayatupa Ruzizi.
Nilifika kichwa wazi, nikicheka kwa sauti;
wanaume wakanyamaza hadi bugali ukapoa.
Usiku, jikoni, bibi mmoja asiye na meno
akanishika kiwiko:
"Cheka tena," akaninong'oneza,
"mimi nimesahau kunavyoanzwa."

Ndiyo maana nakushonea, sikufungi.
Sindano nimeichomeka kwenye ukosi,
uzi mweusi uko mfukoni.
Haya, dereva anapiga honi.