Jina kwa Penseli

Daftarini nimekuandika K-47.
K ni Kageha, mwenye chungu,
Chavakali, nyuma ya kinu cha kusagia unga.
Arobaini na saba ni zamu yako tu,
kama namba ya foleni hospitalini.

Nilikuleta Kisumu ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi
niliyoichemsha mara tatu,
nimekupakata, kifuniko nimekilegeza
usije ukanipasukia njiani.
Shati bado linanuka busaa.

Sasa nakutazama kwa darubini.
U yai. Hapana,
u punje ya wimbi iliyolowa.
Ubavuni mwako kimechomoza kitu,
kikakunyonya, kikanenepa, kikajitenga:
binti.
Alipotokea pamebaki kovu la duara.
Wewe huzalii mahali pamoja mara mbili.
Anayetaka umri wako na ahesabu makovu.

Zamani, asema Daktari Anyona,
hamira ilijulikana kwa mlo wake.
Walikupa glukosi, ukala, ukatoa povu.
Walikupa sukari ya maziwa, ukanuna.
Walikunyima vyote,
ukafunga mbegu zako nne kifukoni, ukangoja.
Wakaandika: hiki hula, kile hali,
kama mama mkwe anavyompeleleza bi harusi jikoni.
Na walipokosea, walikosea hasa:
kuvu mmoja akawa na majina mawili,
moja la upweke wake, moja la siku alipopata mwenza,
na mabwana wawili, miji miwili,
wakamwandikia vitabu
bila kujua wanamsema yule yule.

Siku hizi tunakupasua.
Tunasoma herufi nne zinazojirudia
kama mtoto anayejifunza kusema,
tunazilaza kando ya herufi za wenzako walioandikishwa,
wa zabibu, wa magome ya miti, wa matumbo ya mende,
tunahesabu mnapoachana.
Wewe na jirani yako wa karibu mmeachana mara sita.
Sita, katika herufi mia sita.
Daktari anasema hapo ni mpakani. Anasema, rudia.
Nimerudia. Sita.
Nimerudia usiku, umeme ukikatika na kurudi.
Sita.

Ukiwa mgeni kweli utatafutiwa jina la Kilatini,
na mmoja wenu atalazwa kwenye baridi kali,
hafi, haishi,
awe shahidi: wote watakaokuja wapimwe kwake.

Jumamosi nikaenda kumwambia Kageha.
Nilimkuta akikaanga unga uliochacha juu ya bati,
moshi machoni.
Nikamweleza kwamba jina lake laweza kushonewa mkia,
likasomwa na watu wasiojua Chavakali iko wapi.
Alicheka hadi mwiko ukamtoka.

"Jina si langu. Ni la nyanya yangu.
Na chachu si yangu. Mama mkwe alinipa
ikiwa imekaukia kitambaani, mwezi wangu wa kwanza hapa,
naye aliitoa kwao, Tiriki.
Sasa utamwandika nani?"

Sikuwa na jibu. Akageuza unga.

"Nilipozaliwa nililia siku nne.
Wakataja marehemu, mmoja mmoja, wa baba, wa mama.
Walipofika Kageha nikashika titi."
Akafunua chungu cha pembeni,
na humo mlikuwa mkichemka bila moto,
tss, tss, tss.
"Hebu sikia," akasema. "Bado inalia."

Leo Jumatatu, fomu iko mezani.
Chanzo: chungu, Chavakali. Wino.
Umbo: yai. Wino.
Sukari ya maziwa: haili. Wino.
Penye jina niliandika kitu kwa penseli
nikakifuta,
lakini ukiinamisha karatasi kuelekea dirishani
bado kinasomeka.