Kabla Joto Halijapoa

Saa kumi na moja alfajiri. Kabale imejifunika ukungu hadi kichwani.
Simu imelia mara moja tu: Kyarisiima, kule Muko.
Ng'ombe wake hajalala, hataki majani,
amempanda hata ndama wa jirani.
"Njoo, Tibenderana. Mwezi uliopita ulifika
joto lishapoa."

Pikipiki iko barazani chini ya gunia la viazi.
Kiti kimelowa. Usukani unang'ata viganja.
Ni mzee wa Kijerumani, alikuja na mradi wa maziwa,
mradi ukafunga virago, yeye akabaki.

Mimi ni mtu wa kabureta.
Kule unavuta choki, unaishindilia mashine petroli
kama mtoto anayebanwa pua anywe uji,
unapiga kiki, unatukana, unapiga tena,
plagi inalowa, unaifuta kwa pindo la shati.
Nikadhani na huu wenzo mdogo,
huu ulio chini ya kidole gumba cha kushoto,
ni choki iliyobadili jina.

"Siyo," alisema Ndyabahika, fundi wa Makanga,
mdomo umejaa muwa.
"Mafuta si kazi yako. Chini ya kiti kuna kisanduku,
kinapima baridi, kinakadiria chenyewe.
Wenzo hauongezi hata tone.
Unafungua mlango wa hewa, upana wa ukucha,
basi."

Iliniuma kidogo.
Miaka kumi na mitatu nilijiona mjuzi wa baridi.

Kwa hiyo: ufunguo.
Usibonyeze bado.
Pampu inavuma, mbu ndani ya chupa,
kisha inanyamaza, nawe nyamaza nayo.
Sukuma wenzo hadi mwisho.
Mkono wa kulia, huo wenye kiherehere,
utie mfukoni usije ukaminya mafuta.
(Mfukoni mna glavu ndefu, na nusu ya chapati ya jana.)
Sasa bonyeza.

Inakohoa. Inashika. Inapanda sauti
kama mtu aliyeamshwa na jina lake.

Nyuma nimefunga mtungi wa naitrojeni kwa mpira wa tairi.
Ndani yake kuna baridi ambayo Kabale haijawahi kuiota,
na ndani ya baridi hiyo, kwenye mirija myembamba,
amelala fahali aliyekufa kabla sijaoa.

Nikupe na ile ya mwezi uliopita.
Niliondoka nao wenzo ukiwa juu, niliusahau,
nikapita Hamurwa, mteremko ukaanza,
nikaachia mafuta, mashine ikakataa kutulia,
ikanisukuma kama mdeni anayemkimbia mdai,
kona ikaja yenyewe.
Tukalala kwenye shamba la mtama, mimi na Mjerumani,
kifuniko cha mtungi kikaruka,
moshi mweupe ukatambaa ardhini
na kina mama waliokuwa wakilima
wakatupa majembe wakakimbia wakimtaja Mungu.
Mmoja alirudi. Akauliza kama nimekufa.
Nilikuwa nahesabu mirija.

Leo nangoja.
Mngurumo unazidi, chuma kinapata damu,
ukungu unayeyuka juu ya injini kwanza
kabla ya kuyeyuka juu ya mji.
Kwa kidole gumba naurudisha wenzo, nusu,
nasikiliza, kisha wote.
Sauti inashuka na haizimi.
Twende.

Muko, jua halijavuka kilima.
Kyarisiima ameshaandaa kikombe cha maji,
si ya moto, vuguvugu, amejaribu kwa kiwiko
kama maji ya kuogesha kichanga.
Haniulizi habari za asubuhi.
Natumbukiza mrija mmoja, naitazama saa.
Hapa hakuna wenzo, hakuna kisanduku kinachojua.
Ishirini na sita. Ishirini na saba.
Nje, pikipiki inapoa ikigonga tik, tik.
Ng'ombe amegeuza shingo ananiangalia.
Ishirini na nane.