Kovu la Ndoo

Mimi nauza ndoo. Nalisema mapema usije kunishuku:
soko la Newala, kizimba cha tatu
ukitokea kwa wauza dagaa.
Msimu wa korosho ndio msimu wangu.
Malipo yakiingia, watu huja kutoka vijijini
pesa ikiwawasha viganja kama mafuta ya ganda la korosho,
nami huwapoza: Chukua mbili, mama. Chukua tatu.

Lakini Binti Nalinga, aliyenizaa, hanunui kwangu.
Ndoo yake ni ile iliyokuja na rangi ya darasa,
bado ina tone la kijani pembeni
kama jicho linalonitazama.
Ilipasuka tumboni. Nikampa mpya, bure.
Akaisifu, akaifunika kanga, akaiweka juu ya kabati
pamoja na sahani za wageni,
kisha akambeba mgonjwa wake kwenda kwa Liponda.

Liponda hukaa nyuma ya mashine ya kusaga.
Kisu chake hakikati kitu. Kinalala kwenye makaa
mpaka kiive, ndipo akibandike
kwenye kipande cha beseni lililokufa zamani,
chwiii, na ufa unafumba mdomo.
"Mia tano."
"Mia tatu. Ufa wenyewe mfupi."
Walibishana muda ambao ningeuza ndoo sita.

Huku kwetu maji si mzaha. Sisi tuko juu, maji yako chini,
yanapandishwa na pampu, na pampu ina maringo.
Kwa hiyo kwa mama maji hayamwagwi, yanahamishwa:
yaliyoosha mchele yanaloweka vyombo,
yaliyoloweka vyombo yanakwenda kwenye mpapai,
na mpapai haujawahi kulalamika.
Gunia likitoboka huanikiwa makopa,
likichakaa hufutiwa miguu mlangoni,
likichakaa tena, sijui. Sijaliona likifika huko.
Hatukuwa na jina la mambo haya.
Ilikuwa Jumanne tu.

Mwezi wa nne, pesa za korosho zimeshasahauliwa,
likaja gari kutoka Mtwara kununua plastiki chakavu.
Mizani ikaning'inizwa mkabala na kizimba changu.
Watoto wakaleta mafurushi,
nami nikaanza kuwatambua wa kwangu:
bluu, yenye nyota kitakoni,
niliiuza Novemba, elfu tano taslimu.
Imerudi mdomo umechanika,
kilo kwa mia tatu,
na yenyewe haifiki kilo.
Nikahesabu mpaka arobaini na moja. Nikaacha.
Mwenye moja wapo aliniona. Hakunitukana.
Alicheka, akavuka barabara, akanunua nyingine,
rangi ile ile.
Ni hicho kilichoniuma.

Sasa Jumamosi Liponda analeta jiko lake kwangu,
tunagawana kivuli cha turubai.
Mteja akija namuuliza: Ile ya zamani inaumwa wapi?
Wenzangu wa vizimba wanasema nimelogwa,
mfanyabiashara gani anafukuza riziki?
Nami si malaika. Kuna siku kodi ya kizimba inanikaba,
nikamuuzia tatu mtu wa moja,
nikaangalia pembeni akizifunga kwenye pikipiki.

Jana nilipita kwa mama. Ile mpya bado iko juu ya kabati,
bei yangu bado imebandikwa ubavuni.
Nikapapasa ile ya zamani, palipozibwa:
kovu ni nene kuliko ndoo.
Nikachota, nikatoka uani ninawe,
nikataka kumwaga pale pale nilipochutama.

"Wewe," akaita kutoka jikoni, hata hakugeuka,
"beseni liko wapi?
Mpapai haujanywa."