Spana Namba Kumi na Tatu

Jumamosi, saa tatu asubuhi,
Merthyr ina mvua ile ile ya jana.
Nafungua ukumbi, nawasha taa zinazositasita,
napanga vitu vyangu juu ya benchi:
spana, kopo la mafuta, kitambaa kilichowahi kuwa fulana.
Miaka thelathini na minne nilitengeneza baiskeli
mtaa wa chini, mpaka duka likafungwa.
Sasa ni fundi wa fremu.
Silipwi. Napewa chai, tena iliyopoa.

Wanaingia. Sihitaji kuinua macho.
Gurudumu hutaja jina la mwenyewe:
lile linalolia kama panya mtegoni ni la Gethin,
mara tatu nimelitia mafuta, mara tatu limekataa;
lile linalogonga, likanyamaza, likagonga,
ni la Osian, anayesimama kila hatua mbili kusimulia jambo.
Na ule mngurumo wa mtu anayeburuta kabati ngazini,
huyo ni Nerys, miaka kumi na mmoja,
hajawahi kupita mlango bila kuugonga.

Fremu huwafuata nyuma, haiwatangulii.
Mgeni hushangaa. Lakini mbele sharti pawe wazi:
mbele ndiko uliko mpira.

Filimbi. Sisi na wageni wa Llanelli.
Usidhani ni mchezo wa huruma.
Chuma kwa chuma, bega kwa bega,
raba zinachora weusi sakafuni,
na Lowri golini anatukana kwa Kiwelisi
matusi ambayo bibi yake, aketiye pale na sindano za kufuma,
anajifanya hayajui.

Dakika ya kumi na tisa mpira ukachomoka
kwenye msitu wa miguu na mabomba.
Nerys aliuona kabla yetu sote.
Akageuka. Fremu ikachelewa kugeuka.
Nikaliona gurudumu la kulia likiyumba,
lile nililosema nitalikaza,
nikaenda kumimina chai.

Kishindo chake
bado ninacho hapa, chini ya sikio.

Ukumbi ukakauka.
Sheria ya Mererid, refa wetu, haina kona:
hainuliwi mtu ambaye hajaomba kuinuliwa.
Mama yake Nerys alishika ukingo wa kiti
kama anayezuia nyumba isipeperuke.
Mimi na spana yangu, sanamu ya mjinga.

Kisha sauti kutoka sakafuni:
“Mnakodolea nini? Mpira bado unachezwa!”
Na akiwa amelala ubavu,
fremu imemlalia kama meza iliyopinduka,
akanyoosha mguu wa kushoto,
ule mguu mbishi, unaofika kila mahali mwisho,
na ukafika kwanza.

Goli!
Mererid akapuliza: hapana. Uligusa fremu.

Hapo ndipo ungesikia kelele.
Osian alidai marudio ya video; kamera hatuna.
Gethin alimshauri refa akapimwe macho.
Nerys, bado yuko chini, bado anabisha,
akaonyeshwa kadi ya njano,
akaitazama kule juu
kama mtu anayesikia jina lake likisomwa redioni.

Baadaye nikapiga magoti kando ya fremu yake.
Nati ilizunguka kwa vidole vitupu.
“Kosa ni langu,” nikamwambia.
Alikuwa akila chungwa, maji yakimchuruzika hadi kiwikoni.
Akatema mbegu. Akafikiri.
“Nimeanguka kwa sababu ya miguu, mara nyingi mno.
Kwa ngazi. Kwa barafu. Kwa zulia la shangazi.
Leo nimeanguka kwa sababu ya haraka.
Usininyang'anye.”

Sikuwa na jibu.
Nati nikaikaza hata hivyo,
spana namba kumi na tatu,
robo mzunguko, halafu robo.

Tulifungwa manne kwa moja.
Nerys anahesabu manne kwa mawili.