Kupanda

Langoni pana kibao: MALI YA BINAFSI,
na chini yake, kwa rangi iliyochuruzika,
*mbuzi hawaruhusiwi*.
Watu hakikuwataja.

Sironka alinifungulia daftari la wageni.
Jina: Obwaka. Utokako: Barabara ya Ngong, kwa mafundi wa vitanda.
Saa ya kuingia: moja na robo.
Sababu ya kuja. Hapo nikaandika *kupanda*,
naye akawasha tochi, ingawa jua limeshatoka,
akalimulika neno herufi kwa herufi.
"Kupanda nini? Hapa anayepanda ni kampuni.
Na anayekata ni kampuni."
"Kupanda kilima," nikasema. "Kwa miguu."
Akakitazama kama mtu anayekumbushwa deni dogo.
"Hicho? Hicho ni shamba lililojiinua kwa kiwiko."

Misonobari imepangwa kwa kamba,
kama wanafunzi asubuhi ya Jumatatu wakingoja bendera,
kila mmoja namba nyekundu kifuani.
Chini hakuoti kitu. Sindano kavu tu,
rangi ya chai iliyosahauliwa mezani,
na mguu unazama bila kujibiwa.

Miaka ishirini na miwili nazipiga randa mbao za hapa
na sijawahi kuziona zikiwa wima.
Nilizijua zikija zimelala
kwenye mkokoteni wa Mbuvi, nyuma kitambaa chekundu kikipepea.

Nilikuja kwa ajili ya mmoja.
Februari zilishuka mbao zenye namba mwishoni, 214,
nikaunda kitanda, futi nne kwa sita,
cha mwalimu Kavinya wa Kawangware.
Alijilaza juu yake pale pale kando ya barabara,
viatu mkononi, malori yakipiga honi,
akafumba macho, akasema,
"Kinanukia mvua."

Maisha yangu yote nanusa mbao.
Mvua sijawahi kuinusa humo.

Fundi ana mikono; miguu yake ni ya kusimamia kazi.
Kufika 190 moyo ulishanigeukia nyundo.
Nikashika 203, nikaomba radhi, nikapumua.
211.
212.
213.
Kisha pengo, kama jino lililong'oka usingizini,
na ng'ambo yake 215, umesimama kama jirani asiyetaka kutoa ushahidi.

Nikaketi juu ya kisiki. Nikahesabu pete zake,
nikapotea kwenye ya kumi na tatu,
pale msumeno ulipokwaruza
na miaka kadhaa ikawa mmoja.

Ni kupitia pengo lile tu jiji lilionekana.
Mabati. Moshi wa Dagoretti.
Maghorofa ya Kilimani, mtaa uliobakiwa na jina tu la kilima,
na kila ghorofa, kabla ya kuringia saruji yake,
lilishikwa kwapa na nguzo za mikaratusi
ambazo hakuna aliyeziuliza kwao ni wapi.

Nikainama, nikaweka pua kwenye kisiki.
Tapentaini. Jasho langu. Dizeli ya msumeno.
Nikaanza kumkasirikia mwalimu.
Ndipo upepo ukapita vileleni,
ukaanzia mbali, safu ya mia na kitu, ukipanda,
na mimi, bila kufikiri, nikatafuta turubai la kufunika bidhaa.

Hapakuwa na wingu.
Nilicheka peke yangu kama mwizi aliyejikamata.

Langoni, saa nne kasoro, daftari lilifunguliwa tena.
Safu ya mwisho: *Ulichotoka nacho*.
"Sina kitu," nikasema.
Sironka akanizungusha kwa kidole kimoja,
akaona suruali imenata utomvu nyuma, na sindano tatu zimegandia,
akafikiri sana, maana mali ya watu ni mali ya watu,
kisha akaandika kwa mwandiko safi:
*Utomvu, makalio mawili. Ameruhusiwa.*